Kurt Weill, Mtunzi Aliyeipeleka Opera Darasani

Tarehe 15 Julai 1948, katika mji wa Bloomington, jimbo la Indiana huko Marekani, wanafunzi wa chuo kikuu walionyesha opera ambayo yote, tangu mwanzo hata mwisho, ilichukua kiasi cha dakika 40 tu. Jina lake ni Down in the Valley, yaani Kule Bondeni. Nyimbo zake zilitokana na nyimbo za watu wa milimani na mashambani, zile ambazo mtu huziimba jioni akiwa kibarazani mwake na kazi za mchana zimekwisha. Aliyezikusanya na kuzishona pamoja hakuwa mtu wa milimani wala wa mashamba. Alikuwa mkimbizi, Mjerumani wa kuzaliwa, Myahudi wa ukoo na malezi, aliyepata uraia wa Marekani miaka mitano kabla ya siku hiyo. Jina lake ni Kurt Weill, na habari zake ndizo nitakazo kuzieleza katika ukurasa huu.

Najua wako miongoni mwa wasomaji watakaojiuliza opera ni mnyama gani. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, na nyuma ya waimbaji hukaa kundi la wapiga ala liitwalo okestra. Ilizaliwa Italia yapata mwaka 1600, na kwa muda mrefu ilikuwa pumbao la wafalme na matajiri, kwani gharama za kuiandaa si haba. Mtu wa Ulaya asiyeizoea huona ni kichekesho mtu kuimba huku anakata roho. Lakini sisi tuliokulia penye tenzi, tukasikia kisa kizima cha vita, cha ndoa na cha mauti kikisomwa kwa sauti tangu magharibi hata usiku mkuu, sidhani kama twaweza kuistaajabia sana.

Kurt Weill alizaliwa tarehe 2 Machi 1900 katika mji wa Dessau, Ujerumani, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake, Albert Weill, alikuwa kiongozi wa sala na uimbaji katika sinagogi la mji huo, na mwenyewe alikuwa akitunga sauti za ibada. Hapa yafaa nisimame kidogo. Sisi tuliopita chuoni kwa mwalimu, tukakaa juu ya mkeka na juzuu mbele yetu, twajua jinsi sikio la mtoto linavyofundishwa kabla ya akili yake. Sisemi kwamba kisomo ni muziki, la hasha, wanazuoni wamekwisha kuliweka hilo mahali pake. Nasema tu kwamba mtoto anayelala na kuamka katika nyumba ambayo neno husomwa kwa kipimo, penye kuvuta huvutwa na penye kukata hukatwa, hawezi tena kusikia maneno ya watu vivi hivi. Weill alikuwa hivyo. Katika maisha yake yote alitia sauti maneno ya watu wengine, kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na katika lugha zote tatu neno halikuzama ndani ya muziki likapotea.

Mwaka 1918 alikwenda Berlin kusoma muziki, akafundishwa na Engelbert Humperdinck. Hakukaa sana. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeiacha nchi hoi, akaenda kutafuta riziki katika jumba dogo la michezo la mji wa Lüdenscheid, ambako kila siku ilibidi kuandaa jambo jipya kwa watu waliolipa kidogo na kutaka kingi. Nadhani shule hiyo ilimfaa kuliko ile ya mwanzo. Baadaye alirudi Berlin akawa mwanafunzi wa Ferruccio Busoni, Mwitalia mwenye jina kubwa, na tangu mwaka 1925 alikuwa pia mwandishi katika gazeti moja la mambo ya redio, akieleza na kukosoa vipindi kila wiki. Kwa hiyo alikuwa mmoja wetu katika kazi hii ya wino na haraka.

Mwaka 1924 alikutana na Lotte Lenya. Huyu alikuwa binti wa kimaskini kutoka Vienna, mchezaji ngoma na mwigizaji, na hakujua kusoma manota ya muziki. Walikutana kwenye ziwa nje ya Berlin, kwa maana Lenya ndiye aliyetumwa na mashua kumvusha mgeni huyo mfupi mwenye miwani minene. Walioana Januari 1926, wakaachana 1933, wakaoana tena 1937. Sauti ya Lenya haikuwa ya kufunzwa, nayo ndiyo iliyomfunza Weill jambo kubwa: kwamba wimbo waweza kuandikwa kwa ajili ya koo la mtu wa kawaida na usipungukiwe heshima.

Mwaka 1927 Weill alijuana na mshairi Bertolt Brecht. Julai ya mwaka huo, katika tamasha la muziki mpya mjini Baden-Baden, watunzi kadhaa walileta opera fupi fupi, kila moja ya dakika chache. Weill alileta yake iitwayo Mahagonny, akaipandisha juu ya jukwaa lililofanywa kama uwanja wa ndondi. Waungwana waliokuja kusikiliza muziki wa kiungwana walizomea, na wengine wakashangilia. Nalitaja tamasha hili makusudi, kwa maana hapo ndipo wengi walipoona kwamba opera haina lazima ya kuwa ndefu kama safari ya jahazi bila upepo.

Kisha ukaja ule mchezo uliomfanya ajulikane dunia nzima. Tarehe 31 Agosti 1928, mjini Berlin, ilionyeshwa Die Dreigroschenoper, yaani Opera ya Senti Tatu, kisa cha wezi, waombaji, malaya na polisi wala rushwa, ambacho asili yake ni mchezo wa Kiingereza wa mwaka 1728. Wapiga ala walikuwa 7 tu. Waimbaji wengi walikuwa waigizaji wa kawaida. Wimbo wa kwanza, unaoeleza maovu ya jambazi Mackie, uliongezwa katika siku za mwisho kabla ya kufunguliwa mchezo, na huo ndio uliozunguka ulimwengu. Kabla ya mwaka 1933 mchezo huo ulikuwa umekwisha kufasiriwa kwa lugha 18 na kuonyeshwa zaidi ya mara 10,000.

Katika kugawana mapato, mkataba ulimpa Brecht asilimia 62.5, Weill asilimia 25, na Elisabeth Hauptmann, bibi aliyekifasiri kitabu kutoka Kiingereza, asilimia 12.5. Watunzi wa pwani wanaofahamu ugomvi baina ya mwenye maneno na mwenye sauti watacheka hapa. Mimi ni mtu wa maneno, mashairi ndiyo ada yangu, walakini katika kesi hii namtetea mwenye sauti. Watu wa lugha 18 hawakuyakumbuka yale kwa sababu ya vina.

Lakini kwa upande wa somo letu, kazi kubwa zaidi ni ile ya mwaka 1930, nayo ni ndogo kabisa kwa kipimo. Yaitwa Der Jasager, yaani Mwenye Kusema Ndiyo. Ni opera ya kiasi cha nusu saa iliyotungwa ili iimbwe na kupigwa na wanafunzi wenyewe. Kisa chake kimetoka Japani. Kijana mdogo ana mama mgonjwa. Mwalimu wake anasafiri kuvuka milima, na kijana anamwomba afuatane naye akamtafutie mama dawa. Njiani kijana anaugua, hawezi tena kupanda. Mila ya safari hiyo ni kuwa mwenye kuugua hutupwa bondeni, lakini kwanza huulizwa kama anaridhia, na mila hiyo hiyo imemwekea jawabu: lazima aseme ndiyo. Anasema ndiyo. Wanamtupa.

Wanafunzi wa Berlin waliionyesha Juni 1930, na kabla ya Manazi kushika nchi ilikuwa imeonyeshwa mamia ya mara katika shule za Ujerumani. Kilichonivutia zaidi ni yaliyotokea katika shule moja ya Neukölln, mtaa wa Berlin. Wanafunzi walipokwisha kuisoma waliulizwa rai yao, na wengine wakapinga. Walitaka kujua kwa nini kijana akubali kufa kwa mila ambayo hakuna aliyeieleza maana yake. Brecht aliwasikiliza, akaandika mchezo wa pili ambao kijana anakataa na kutaka mila mpya. Weill hakuutia sauti huo wa pili. Baadhi ya waandishi humlaumu kwa hilo. Mimi naona muziki wake wa ule wa kwanza ulikuwa umekwisha kuuliza swali hilo, kwa maana unatembea kwa hatua moja isiyobadilika, kama watu wanaobeba jeneza la mtu ambaye bado yu hai, na msikilizaji mwenye moyo hawezi kuketi akatulia.

Na nchi nzima ilikuwa karibu kusema ndiyo. Machi 1930, katika mji wa Leipzig, opera yake kubwa ya Mahagonny iliposhikwa kuonyeshwa, wafuasi wa Hitler walifanya fujo ndani ya jumba. Februari 1933 mchezo wake Der Silbersee ulifunguliwa katika miji mitatu kwa siku moja, na Hitler alikuwa ameshika serikali majuma matatu tu. Siku tisa baada ya kufunguliwa, jengo la bunge mjini Berlin lilichomwa moto, na mara mchezo ukasimamishwa. Machi ya mwaka huo Weill alipanda gari la rafiki zake akavuka mpaka kuingia Ufaransa. Hakurudi kuishi Ujerumani tena. Mwaka 1938 Manazi walifanya maonyesho mjini Düsseldorf ya muziki walioita wa kuoza, na jina lake lilikuwamo.

Ufaransa nako hakukuwa na pumziko. Mwishoni mwa mwaka 1933, nyimbo zake zilipokuwa zikiimbwa mjini Paris, mtunzi mmoja wa Kifaransa mwenye cheo, Florent Schmitt, alisimama katikati ya watu akamshangilia Hitler kwa sauti kubwa. Weill alikuwa amelikimbia jina hilo nyumbani, akalikuta ugenini ndani ya jumba la muziki. Septemba 1935 yeye na Lenya walishuka New York.

Wakimbizi wengi wa Ulaya waliofika Marekani waliishi na masanduku yao yamefungwa, wakingojea kurudi. Weill alilifungua lake siku ya kwanza. Alijitahidi katika Kiingereza hata barua kwa mkewe zikawa za lugha hiyo. Mwaka 1936 alikwenda Chapel Hill, North Carolina, kufanya kazi na mwandishi Paul Green, mtu wa chuo kikuu cha huko aliyependa michezo inayotokana na maisha ya watu wa mashambani. Kisha akaingia Broadway, soko kubwa la michezo la New York. Lady in the Dark ya mwaka 1941 ilimpatia fedha akanunua nyumba nje ya mji. Wenzake wa Ulaya walisema ameuza kipaji chake, na kauli hiyo ilirudiwa vitabuni kwa miaka mingi, kana kwamba walikuwako Weill wawili, mmoja mtunzi na mmoja mchuuzi. Siikubali. Anayedhani ni rahisi kutunga wimbo ambao mpishi, karani na hakimu wote wataondoka nao midomoni na ajaribu mwenyewe. Mwaka 1947 alitoa Street Scene, opera ya jengo moja la maskini wa New York, na maneno ya nyimbo akampa Langston Hughes, mshairi mweusi, ambaye alimtembeza Harlem ili asikie watu wanavyoimba.

Sasa turudi Bloomington. Down in the Valley ilianza mwaka 1945 kama mchezo wa redio, na maneno yake yaliandikwa na Arnold Sundgaard. Watu wa biashara waliotakiwa kuudhamini hawakuuchukua, ukawekwa sandukuni. Miaka miwili hivi baadaye, mchapishaji mmoja wa muziki, Hans Heinsheimer, naye mkimbizi kutoka Ulaya, aliona kwamba vyuo vya Marekani vina njaa ya opera ndogo, akamhimiza Weill autengeneze upya.

Njaa hiyo ilikuwa na sababu zake. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha, na serikali ya Marekani iliwalipia askari wake ada za masomo, basi vyuo vikafurika vijana. Walimu nao walikuwapo tele, kwa maana mabwana wengi wa muziki walikuwa wamemkimbia Hitler. Majumba ya opera nchini humo yalikuwa machache mno na yaliimba Kitaliano na Kijerumani, lugha ambazo wazazi wa wanafunzi hawakuzijua. Katika Chuo Kikuu cha Indiana mkuu wa shule ya muziki, Wilfred Bain, aliyefika mwaka 1947, aliazimia kwamba kijana wa mashambani ajifunze opera kwa kuitenda jukwaani na si kwa kuisoma kitabuni tu. Aliyewaongoza waigizaji wa Down in the Valley alikuwa Hans Busch, ambaye baba yake, Fritz Busch, kiongozi wa okestra mashuhuri, aliondoshwa kazini na Manazi huko Dresden. Basi tazama mambo ya dunia: wimbo wa wakulima wa Marekani, mikononi mwa watu waliofukuzwa Ujerumani, vinywani mwa watoto wa Indiana.

Kisa ni hiki. Brack Weaver, kijana maskini, amehukumiwa kunyongwa. Usiku wa mwisho anatoroka jela ili akaonane na Jennie Parsons, mchumba wake. Tunarudishwa nyuma kuona yaliyopita: walivyokutana kwenye ibada, alivyomsindikiza nyumbani, na jinsi babake binti alivyomtaka aende ngomani na bwana mmoja aitwaye Thomas Bouché, kwa kuwa mzee alitumai fedha kutoka kwa bwana huyo. Binti alikwenda na ampendaye. Bouché akalewa, akatoa kisu, wakapigana, Bouché akafa. Sasa Brack hatafuti kuokoka. Ataka kusikia tu kwamba angali anapendwa, na akishasikia anajitoa mwenyewe.

Ni hayo tu. Mpangilio wake ndio wenye maarifa. Kiongozi mmoja husimama mbele akaeleza, na kundi la waimbaji huitikia, huwa majirani, huwa wacheza ngoma, huwa watu wa kanisani, kwa hiyo wanafunzi 50 waweza kupata kazi wote. Pazia si lazima, mandhari si lazima, viti vichache vyatosha. Nyimbo ngumu ni chache, na wapiga ala wa shule wanaimudu. Kwa ajili hiyo ilienea upesi katika vyuo na shule kote Marekani, mamia ya maonyesho katika miaka michache. Januari 1950 ilionyeshwa katika televisheni ya NBC. Wakosoaji wa New York waliona ni kazi nyepesi. Huenda ni nyepesi kwa aliyeketi kitini, lakini kwa binti wa miaka 19 anayesimama mara ya kwanza mbele ya watu na kuhuisha huzuni ya Jennie, sioni wepesi wake uko wapi.

Haikuwa peke yake. Gian Carlo Menotti alikuwa ametoa The Medium katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1946. Lukas Foss alitoa The Jumping Frog of Calaveras County hapo hapo Bloomington mwaka 1950, na Leonard Bernstein akatoa Trouble in Tahiti katika Chuo Kikuu cha Brandeis mwaka 1952. Zote fupi, zote kwa Kiingereza cha siku zote, zote zilianzia chuoni. Vyuo hupenda kuziunga mbili au tatu kwa usiku mmoja, ili waimbaji wengi wapate zamu.

Kuna jambo ambalo mwandishi wa Kiislamu akiliruka atakuwa hakuwatendea haki wasomaji wake. Wazazi wa Weill walikimbilia Palestina, na mwaka 1947 alisafiri kwenda kuwaona, baada ya miaka mingi ya kutengana. Mwaka 1946 alikuwa ametunga muziki wa mchezo A Flag Is Born, uliofanywa ili kuchangia dola ya Kiyahudi huko. Mtu aliyewapoteza jamaa na nchi kwa mkono wa Hitler, twaelewa kilichomsukuma. Lakini katika mwaka ule ule wa 1948 ambapo wanafunzi wa Indiana waliimba habari za mtu aliyeonewa bondeni, Wapalestina mamia ya maelfu walitolewa majumbani mwao, na sikupata kusikia kwamba aliwatungia wimbo. Naliandika hili kama lilivyo, wala haliniondolei heshima niliyo nayo kwa kazi yake.

Kwani kazi yake ya mwisho iliyofika jukwaani ilikuwa ya Afrika. Mwaka 1948 Alan Paton wa Afrika Kusini alichapisha Cry, the Beloved Country, na mwaka huo huo Makaburu wa chama cha National wakashinda uchaguzi na kuanza kuujenga ubaguzi wa rangi kuwa sheria baada ya sheria. Weill na rafiki yake Maxwell Anderson walikigeuza kitabu hicho kuwa mchezo wa muziki, Lost in the Stars, ukafunguliwa New York tarehe 30 Oktoba 1949. Stephen Kumalo, mchungaji wa Kizulu, anakwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe, anamkuta amemuua mzungu, na mzungu mwenyewe ni yule aliyekuwa akiwatetea weusi. Wenzake kijana wanasema uongo wanaachiliwa. Yeye anasema kweli ananyongwa. Todd Duncan, mwimbaji mweusi mwenye sauti nzito na pana, ndiye aliyekuwa Kumalo, na wapiga ala walikuwa 12.

Paton hakuridhika na yote. Yeye alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti, na katika mchezo Kumalo anafika mahali pa kuona kana kwamba Mola ameisahau dunia hii ndogo kati ya nyota. Wimbo huo Weill na Anderson walikuwa wameutunga miaka kumi kabla kwa mchezo mwingine ambao haukukamilika. Mimi nami kwa imani yangu siwezi kuukubali usemi huo, kwani Mola hasahau. Lakini baba ambaye mwanawe atanyongwa asubuhi si mwanachuoni katika darasa la tauhidi, na mtunzi aliyemtia maneno hayo kinywani hakukusudia kutoa fatwa.

Nilipozipanga kazi hizi kwa miaka yake niliona uzi mmoja. Mackie yuko chini ya kitanzi, anaokolewa na mjumbe wa mfalme katika mzaha wa mwisho. Mtoto wa Jasager anatupwa bondeni. Brack ananyongwa. Mwana wa Kumalo ananyongwa. Katika yote liko kundi la watu wanaotazama na kuimba, na aliyeokoka ni jambazi peke yake.

Weill alianza kutunga mchezo mwingine na Anderson, wa kisa cha Huckleberry Finn cha Mark Twain, akafikisha nyimbo tano. Machi 1950, siku chache baada ya kutimiza miaka 50, moyo ulimshika. Alifariki hospitalini New York tarehe 3 Aprili. Sisi kwetu mwaka huo huo tuliondokewa na Siti binti Saad, ambaye naye sahani zake za santuri alizitia sauti Bombay mwaka 1928, mwaka wa Opera ya Senti Tatu. Hawakujuana wala kusikiana.

Chuo ndicho kilichomrudisha tena. Juni 1952, katika tamasha lile lile la Brandeis ambapo Trouble in Tahiti ilionyeshwa, Leonard Bernstein aliongoza Opera ya Senti Tatu kwa Kiingereza kipya cha Marc Blitzstein, na Lenya, mjane wake, akaimba. Kutoka hapo ilikwenda New York mwaka 1954, ikarejeshwa 1955 na kuendelea hadi 1961, katika jumba dogo, zaidi ya mara 2,600. Mwaka 1955 Louis Armstrong aliutoa wimbo wa Mackie katika sahani ya santuri, na watu ambao hawakupata kusikia jina la Weill wakawa wanaupiga mluzi mitaani.

Alizikwa Haverstraw, kaskazini ya mji wa New York, karibu na nyumba aliyoinunua. Juu ya jiwe la kaburi wamechonga mstari wa manota kutoka Lost in the Stars, sehemu inayoimbwa na kundi zima. Lenya alifariki mwaka 1981, akalazwa ubavuni pake.